Kutoka Gramafoni hadi Sabufa: Spika za Zamani katika Nyumba za Upare

Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za walimu wetu, habari za michezo, na majina ya wenzetu waliotangulia. Mimi naomba nafasi niandike habari za kitu kilichokaa katika sebule za wazazi wetu kwa miaka mingi, kikafunikwa vitambaa vya kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu yake. Hivi leo kitu hicho kinatupwa jalalani, au kinauzwa kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nazo ni spika za zamani, yale makasha mawili ya mbao yaliyokaa kulia na kushoto ya redio kubwa.

Huenda msomaji akauliza: spika zina historia gani hata ziandikiwe makala? Jibu langu ni kwamba zinayo, tena historia inayotuhusu sisi watu wa Same na milima ya Upare. Kadhalika zina faida ambayo bado hatujaimaliza. Nitaeleza mambo hayo mawili kwa zamu: kwanza historia, kisha namna ya kuzifanya zitoe sauti nzuri.

SAUTI KABLA YA SPIKA

Spika ni sumaku, waya na karatasi vinavyosukuma hewa. Kusukuma hewa kwa ustadi si jambo geni Upare. Profesa Isaria Kimambo, ambaye historia yake ya kisiasa ya Wapare ilichapishwa mwaka 1969, ameandika habari za Ugweno na wahunzi wake wa ukoo wa Washana. Chuma cha Ugweno kilivuka hadi kwa Wachagga wa Kilimanjaro, na uhunzi wote ulitegemea mivukuto. Mhunzi aliyevukuta ovyo hakupata chuma. Hewa ilitakiwa isukumwe kwa kipimo, wala si kwa nguvu tu. Tutaona baadaye kwamba sheria hiyo ndiyo sheria ya spika.

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima yetu na kuacha stesheni Same. Watu na mizigo wakaanza kupita tambarare, lakini habari ziliendelea kupanda mlimani kwa miguu. Mwaka 1945 maelfu ya Wapare waliteremka Same kupinga kodi iliyoitwa mbiru. Umati ule wote haukuitwa na redio. Aliyesikia alimwambia asiyesikia, kutoka bonde hadi bonde.

Gramafoni ndiyo iliyotangulia kufika katika nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na santuri zake zikauzwa pwani na bara. Gramafoni ya namna ile haikuhitaji umeme wala betri. Ilitiwa ufunguo kama saa, sindano ikatetemeka katika mfereji wa santuri, na mtetemo ukakuzwa na mzinga wake. Sauti yake ilikuwa nyembamba, haina besi, lakini neno lilisikika wazi. Msomaji alikumbuke jambo hilo.

SPIKA YENYEWE ILIVYOPATIKANA

Spika tunayoijua leo ilielezwa kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg, waliokuwa wakifanya kazi General Electric. Waya umezungushwa kuwa koili nyepesi, koili imegundishwa nyuma ya koni ya karatasi, nayo imesimama katika mwanya mwembamba wa sumaku. Umeme wa muziki ukipita katika koili, koili huvutwa na kusukumwa, na koni huenda nayo. Ni miaka mia moja sasa, na kanuni haijabadilika. Spika ya redio ndogo ya mkononi na spika ya ukumbi wa harusi ni ndugu wa baba mmoja.

Habari ya spika mbili, yaani stirio, ilianzia Uingereza. Alan Blumlein wa kampuni ya EMI aliomba hataza ya uvumbuzi wake mwaka 1931. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: binadamu ana masikio mawili, na huutambua upande wa sauti kwa sababu sauti hufika sikio moja kabla ya jingine. Hata hivyo, santuri za stirio hazikuenea madukani mpaka mwaka 1958. Kabla yake, mwaka 1954, Mmarekani Edgar Villchur alikuwa ametoa spika ya AR-1, ambayo kasha lake lilizibwa kabisa na hewa ya ndani ikafanywa kuwa springi ya koni. Kabla ya hapo, aliyetaka besi ya kweli alihitaji kasha kubwa kama kabati. Baada ya hapo besi nzuri iliweza kutoka katika kasha la kubebwa na mtu mmoja. Ndiyo sababu spika za sebuleni za miaka ya 1970 zilipungua ukubwa, zikaweza kusafirishwa kwa meli na hatimaye kupandishwa mlimani kwa Land Rover.

REDIO INAPANDA MLIMANI

Kwetu, utangazaji ulianza mwaka 1951 kwa kituo cha Sauti ya Dar es Salaam. Baadaye kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika, na tarehe 1 Julai 1965 serikali ikalivunja shirika hilo na kuanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tuliiita RTD. Mwaka 1966 kampuni ya Matsushita ya Japani ilianzisha kiwanda Dar es Salaam, na jina la National likaingia katika kila duka la kijijini, katika redio na katika betri zake. Arusha nako Philips waliunganisha redio. Kwa hiyo mtu wa Mamba, Gonja au Chome aliyeuza kahawa yake vizuri aliweza kununua redio iliyotengenezwa nchini.

Redio hizo zilikuwa na spika moja tu, nazo zililishwa betri. Betri zikichoka zilianikwa juani, maana joto huzirudishia nguvu kidogo, na kipindi kimoja zaidi kikasikika. Mchana milima ilikuwa kikwazo cha masafa, lakini usiku mawimbi ya kati hurudishwa chini na tabaka la juu la anga na kufika mbali. Ndiyo maana wazee wetu walikuwa wasikilizaji wa usiku. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima wapatao milioni 2 nchini walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya afya. Kikundi kizima kiliizunguka spika moja ndogo, na watu wakaenda kuchimba vyoo kwa neno lililotoka humo. Spika zilizofanya kazi hiyo hazikuwa na besi hata kidogo.

Muziki nao ulitoka humo humo. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodiwa katika studio ya RTD kwa ajili ya kutangazwa, na waliotaka santuri walikwenda Nairobi. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki Mombasa mwezi Januari 1979, alisikika katika kila kona ya Upare kwa njia hizo mbili, na baadaye kwa njia ya tatu, yaani kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963.

Spika mbili za mbao zilikuja polepole, kwa wachache. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, na bidhaa za anasa zikawa adimu. Ilipofika mwaka 1983, serikali ilianza msako wa wahujumu uchumi. Mwenye kitu cha nje asicho na risiti yake alilala na wasiwasi, na wapo waliovificha au kuvitupa vitu vyao wenyewe. Bajeti ya mwaka 1984 ndiyo iliyolegeza kamba, pale wenye fedha zao nje waliporuhusiwa kuagiza bidhaa. Hapo spika za Sony, Sansui, Pioneer, Technics na nyinginezo zikaanza kuonekana, nyingi zikiwa zimetumika, zimeletwa na mabaharia, wafanyabiashara na wenzetu waliosoma ng'ambo. Televisheni ilikuwa haijaanza Tanzania Bara. Ilianza mwaka 1994. Kwa miaka kumi hivi, spika zile mbili ndizo zilizokuwa fahari ya sebule.

KISHA IKAJA SABUFA

Wakala wa Nishati Vijijini ulioanza kazi mwaka 2007 umefikisha umeme katika vijiji ambavyo babu zetu hawakuota kuuona. Pamoja na umeme ikaja sabufa, yaani kasha moja kubwa la besi lenye vispika viwili au zaidi vidogo pembeni. Siilaumu sabufa. Bei yake ni nafuu, inapokea simu na flashi, na kijana anaweza kuinunua kwa mshahara wa kwanza. Lakini ubaya wake ni huu: nyingi kati ya hizi za bei ndogo zina ngurumo chini na mlio juu, na katikati hamna kitu. Na hapo katikati ndipo binadamu anapozungumzia. Simu ya waya ya zamani ilipitisha masafa ya hezi 300 hadi 3,400 tu, na bado tuliwatambua watu na kuwaelewa, kwa sababu maneno yamo humo.

Nitatoa mfano mmoja ambao mimi mwenyewe nilikuwapo. Katika kijiji kimoja cha mlimani, ambacho sitakitaja, familia mbili za ukoo mmoja zilikuwa zikigombea zamu ya maji ya ndiva. Vijana wa mjini huenda hawajui: ndiva ni bwawa dogo la jadi ambalo hukusanya maji usiku, kisha asubuhi hufunguliwa yaingie katika mfereji na kwenda mashambani kwa zamu. Zamu ndiyo uhai wa shamba. Upande mmoja ulidai kwamba mzee aliyegawa zamu zile aliwapa siku tano. Upande wa pili ulisema ni siku tatu. Mzee alikwisha kufariki, lakini kabla ya kufa alirekodiwa katika kaseti, akieleza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Chasu.

Kaseti ikachezwa katika sabufa mbele ya wazee. Kila aliyesikiliza alisikia alichotaka kusikia: hawa tatu, hawa tano. Wakaanza kurushiana maneno. Nikaomba tuahirishe mpaka Jumapili. Nilikuwa na jozi ya spika za zamani niliyoinunua Same kwa mrithi aliyekuwa akizitupa, pamoja na amplifaya yake na deki ya kaseti. Nilisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti, nikaziweka spika juu ya viti, mbali na ukuta, na kaseti ikachezwa tena, sauti ikiwa ya kadiri. Mzee alisema tatu. Alisema mara mbili, na mara ya pili alitaja na siku zenyewe, jambo ambalo katika sabufa halikusikika kabisa. Upande ulioshindwa ulinyamaza, kisha mkubwa wao akasema, "Huyo ni baba mwenyewe. Hatuwezi kubishana naye." Mambo yakaisha, wala hapana aliyekwenda baraza la ardhi.

Ndugu zangu, katika masanduku ya Upare zimo kaseti nyingi za namna hiyo: nasaba za koo, wosia, mahubiri, kwaya za makanisa yetu, nyimbo za harusi, na Chasu fasaha ambacho watoto wetu hawakisemi. Kanda zinachakaa na deki zinakufa. Spika zinazoweza kutuonyesha yaliyomo tunaziuza kwa kilo.

NAMNA YA KUZIFANYA ZITOE SAUTI NZURI

Sasa nawageukia wenye spika hizo nyumbani, pamoja na vijana wa mchepuo wa sayansi, ambao hapa wataikuta fizikia yao ikifanya kazi.

Kwanza, ukague kabla ya kuwasha. Ondoa kitambaa cha mbele. Tazama ukingo unaoshika koni. Ukiwa wa sponji, kama zilivyokuwa spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980, aghalabu utaukuta umeoza na kukatika kama mkate mkavu, kwani sponji ile huishi miaka 15 hadi 20 hivi. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi. Kisha ibonyeze koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ukigawa nguvu sawasawa. Ikikwaruza, koili inagusa sumaku, au vumbi limeingia katika mwanya. Hapa milima yetu ina maadui wawili. Same mjini na tambarare yote hadi Makanya na Hedaru, adui ni vumbi na joto. Huko juu, Chome chini ya msitu wa Shengena, adui ni unyevu, unaolegeza karatasi ya koni na kuvimbisha mbao za maganda. Kote kote kuna mchwa na panya, na nyigu hupenda kujenga ndani ya tundu la besi. Chungulia.

Pili, ukingo uliooza ubadilishwe kwa ukingo wa namna ile ile. Wako mafundi wanaobandika mpira wa tyubu ya baiskeli. Spika italia, lakini mpira ule ni mzito na mgumu kuliko sponji, na koni haitaenda tena kwa kipimo chake. Kumbukeni mhunzi na mivukuto yake.

Tatu, tazama kapasita zilizomo ndani ya kasha. Kazi yake ni kuzuia besi isiingie katika twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Kapasita za namna ya elektroliti hukauka kwa umri, na twita ikafifia. Fundi akiweka mpya, awe mwangalifu iwe isiyo na chanya na hasi, na yenye mikrofaradi zile zile zilizoandikwa. Asiongeze kwa kudhani kwamba kikubwa ni bora.

Nne, hakikisha spika zote mbili zinasukuma pamoja. Chukua betri moja ya volti 1.5, uguse nyaya zake kwenye ncha za spika kwa nukta moja tu, chanya kwa chanya. Koni ya besi itaruka mbele. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili. Chapa chache, kama JBL za zamani, huruka nyuma, lakini lililo muhimu ni kwamba mbili zako zifanane. Mmoja akisukuma mbele na mwenziwe akivuta nyuma, hewa ya huyu humezwa na ya yule, besi hupotea, na mwimbaji hajulikani amesimama wapi. Nimekuta nyumba ambayo tatizo lilikuwa hilo tu, na wenyewe walikuwa wamekwisha kuagiza sabufa.

Tano, heshimu omu. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4. Nne huwa omu 2, na amplifaya nyingi za nyumbani zitaungua. Waya nao usiwe mwembamba kama uzi. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwa umbali wa mita 5, una omu 0.12 hivi kwenda na kurudi, kiasi kidogo sana mbele ya omu 8. Hauhitaji waya wa bei ya ng'ombe. Kwa vyombo vilivyotoka Japani, soma nyuma kwanza: umeme wa majumbani kule ni volti 100, na chombo kisicho na swichi ya kubadili kitahitaji transfoma.

Sita, usifuate wati zilizoandikwa katika boksi. Wati zikiwa maradufu, sauti huongezeka desibeli 3 tu, na ili sikio lione kwamba sauti imekuwa mara mbili huhitajika wati mara kumi hivi. Katika kusikiliza kwa kawaida sebuleni, wati chache zatosha. Tena twita nyingi haziuawi na amplifaya kubwa, bali na ndogo iliyofunguliwa mpaka mwisho. Ikishindwa, hukata vilele vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa hujaa nguvu za masafa ya juu ambazo huiunguza twita. Sauti ikianza kukwaruza, punguza.

Saba, na hili halina gharama yoyote, ziweke mahali pake. Sebule zetu nyingi zina kuta za matofali, sakafu ya saruji na kabati la vyombo lenye vioo, na spika husukumwa pembeni kabisa, chini, nyuma ya kochi. Pembeni besi huongezeka mpaka ikawa ngurumo, na vioo vikajibu. Zisogeze nusu mita kutoka ukutani. Zinyanyue mpaka twita iwe usawa wa sikio la mtu aliyeketi. Ziachane mita 2 hivi, nawe uketi mbali nazo kiasi hicho au zaidi kidogo, ili wewe na spika mfanye pembetatu ya pande sawa. Vile vitambaa vya kufuma, pamoja na maua, viondoke mbele ya twita. Mama mwenye nyumba aelezwe kwa upole.

Kwa nini chumba kiwe na neno katika jambo hili? Wanafunzi na wapige hesabu. Sauti huenda mita 343 kwa sekunde katika nyuzi 20 za Selsiasi. Wimbi la hezi 50 basi lina urefu wa mita 7 hivi. Sebule ya mita 3.5 ni nusu ya wimbi hilo, na kwa hiyo itavuma karibu na hezi 49 kila besi inapopiga hapo. Si spika mbaya hiyo, ni chumba. Sogea wewe au zisogeze spika, na uvumi utapungua. Kisha piga kofi moja. Ukisikia mlio wa haraka haraka unaorudi kutoka kuta mbili zinazotazamana, tandika zulia, ning'iniza pazia zito, weka rafu ya vitabu. Sisi watumishi wa serikali tunaohamishwa mara kwa mara tunaijua vizuri habari hii: spika zile zile huimba vingine katika kila nyumba ya kupanga.

NENO LA MWISHO

Sisemi kwamba kila cha zamani ni bora. Zilikuwapo spika mbaya mwaka 1975 kama zilivyopo leo, makasha mepesi yenye koni moja na twita ya kuchora. Lakini zilizo nzuri zilitengenezwa na watu waliotaka neno lieleweke na ala ijulikane kuwa ni ala gani. Zikipata ukingo mpya, kapasita mbili na nafasi ya nusu mita kutoka ukutani, zitafanya kazi kwa miaka mingi bado.

Kwa hiyo natoa maombi mawili. La kwanza ni kwetu sisi wakubwa. Tunaporudi nyumbani Desemba, kabla mizigo ya marehemu haijagawanywa, tutazame sandukuni. Kaseti zisitupwe, na spika zisiuzwe kwa kilo kabla ya kufanyiwa ile kazi ya betri ya volti 1.5. Mwenye jozi asiyoihitaji na ailete shuleni kwetu, pamoja na deki inayozunguka.

La pili ni kwenu vijana. Mkipata vyombo hivyo, msiviwekee muziki wa kutingisha madirisha pekee. Nendeni kwa bibi na babu zenu, muombe kaseti zao, mzicheze kwa utulivu, mziandike katika kompyuta na mziandikie tarehe na majina ya wanaosema. Kazi hiyo haihitaji digrii; inahitaji pamba, spiriti, na masikio. Wazee waligawana maji ya ndiva kwa neno la mdomo, na neno hilo bado limo katika kanda. Sisi tusiwe kizazi kilichokuwa na umeme kila nyumba, kikashindwa kulisikia.